Kuku Mzima Kwenye Chupa

Mwaka wa tisini na tano, kila ulipokatiza mtaa Bariadi ulikuta duka jipya. Zamani sukari na sabuni tulipanga foleni kwenye duka la ushirika, na dawa ya ng'ombe alikuwa nayo bwana mifugo peke yake. Sasa kila mwenye chumba cha mbele alitoboa ukuta, akaweka dirisha na rafu, akauza alichopata. Pamba nayo ilianza kununuliwa na watu binafsi, na mmoja wao akajenga kiwanda cha kuchambulia nje kidogo ya mji. Fundi wa mitambo yake alikuwa Mfilipino, jina lake Marcelo. Huyo sikumfahamu sana. Mkewe ndiye aliyenipa kazi.

Mkewe aliitwa Chanthou, na sisi tukamwita Mama Santu. Alitoka nchi inayoitwa Kambodia. Sikuwahi kuisikia, maana niliishia darasa la tano, na jiografia yetu ilikuwa bado haijatoka Afrika. Alikuwa mwanamke mfupi anayecheka mpaka mabega yanaruka. Alikimbia vita kwao akiwa msichana, akakutana na Marcelo kwenye kambi ya wakimbizi huko Ufilipino. Mengine ya vita hakuyasimulia. Alichopenda kusimulia ni chakula.

Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Justina, muuza nyanya sokoni. Pembeni ya nyanya shangazi aliweka vitambaa vya meza. Nilikuwa nachora picha kwa penseli kwenye kitambaa, yeye na wenzake wanafuata michoro kwa sindano na nyuzi za rangi. Maua, tausi, jogoo. Jogoo wangu walipendwa sana. Siku moja Mama Santu alisimama mbele ya kitambaa chenye jogoo mwekundu, akasahau kikapu chake chini.

"Nani amechora huyu?" akauliza.

"Huyu mtoto wangu, Klementina," shangazi akamjibu, akininyooshea kidole nilikokuwa nimejibanza nyuma ya matenga. "Lakini usimwulize kitu, utachoka. Niulize mimi."

"Anaweza kumchora mdogo? Kama kiganja?"

"Anaweza kumchora kwenye punje ya mahindi, ukitaka."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kesho yake nilikwenda kwake, na akanionyesha shughuli yake.

Nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotokea, alikuwa amepanda mchaichai mstari mzima. Sisi mchaichai tunatia kwenye chai. Yeye aliuponda kwenye kinu pamoja na vitunguu saumu, manjano na pilipili, akaukaanga na kuutia kwenye chupa. Hiyo ilikuwa sosi ya kuku. Ya pili ilikuwa ya nyama ya ng'ombe, ina pilipili manga nyingi na ndimu. Ya tatu ilikuwa ya samaki. Hiyo aliitengeneza kwa ukwaju wa Mwanhuzi na dagaa waliokaa ndani ya chumvi kwenye mtungi miezi kadhaa. Alipofungua mtungi ule nilirudi nyuma hatua tatu. Akanipa tone moja kwenye tonge la ugali, nikala, nikabaki nautazama mtungi.

"Unaona?" akasema. "Pua inakataa, ulimi unakubali. Hii ni ya mama yangu."

Alitaka kuziuza kwenye duka la Joakim. Joakim alikuwa na duka kubwa kuliko yote mtaa wa stendi, kuta mbili za rafu, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda Mwanza kuleta mali. Alionja sosi zote tatu, akalamba kidole, halafu akaongea kama mfanyabiashara.

"Chakula ni kitamu, Mama Santu. Lakini mteja wangu haonji, anaangalia. Na wengi hawasomi. Nataka lebo ambayo mtu akiiona tu, ananyoosha mkono. Mwanza wapo watu wa kupiga chapa, wana picha zao tayari, mama wa Kizungu ameshika kijiko. Nikienda naagiza hiyo, mambo yamekwisha."

"Ninaye mtu wa kuchora," Mama Santu akasema.

Mtu mwenyewe nilikuwa nimesimama nyuma ya gunia la chumvi.

"Basi jaribuni," Joakim akasema. "Uzeni mnadani kwanza, nione. Zikienda, lebo ni yenu na mchoraji ni wenu. Zisipokwenda, naleta mama mwenye kijiko."

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyoitaka kazi ile. Vitambaa nilivyochora vilikuwa vinaitwa vya shangazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika sindano. Penseli yangu ilifichwa chini ya nyuzi na mwisho ilifuliwa ikatoka. Lebo ingebaki kama nilivyoichora. Ingekaa kwenye meza za watu nisiowajua, nami nisingelazimika kusema nao neno.

Mama Santu alisema kwao ukitaka watu wale kuku, unamchora kuku. Nikachora. Jogoo kwa sosi ya kuku, amesimama kwa mguu mmoja, mkia umejaa. Ng'ombe dume mwenye nundu na pembe ndefu kwa sosi ya nyama. Sato kwa sosi ya samaki, anaogelea, mapovu yanapanda. Chini tukaandika kwa herufi ndogo. Karani wa parokia alituruhusu kutumia stensili na mashine ya kurudufia, na karatasi zilipotoka nikapaka rangi moja moja kwa mkono. Lebo sitini. Tukazibandika kwa gundi ya unga wa muhogo juu ya chupa tulizozichemsha kwenye pipa. Tulipozipanga juani, ishirini kwa ishirini kwa ishirini, Mama Santu alipiga makofi peke yake.

Shangazi ndiye aliyekwenda mnadani. Mimi nilibaki, kama kawaida yangu, naosha masufuria ambayo yalikuwa tayari masafi. Saa saba mchana nikasikia sauti yake kutoka barabarani.

"Zimekwisha," alisema kabla hajafika mlangoni. "Kuku zimekwisha. Ng'ombe zimekwisha. Watu walinisukuma mpaka khanga ikataka kudondoka. Mzee mmoja alichukua chupa nne, hakuuliza hata ni nini. Anaangalia picha, anatoa hela, anaondoka."

"Hakuonja?" Mama Santu akauliza.

"Nani ana nafasi ya kuonja? Nimekwambia walikuwa wananisukuma."

Mama Santu akanishika mabega akanitikisa. Nilikuwa nacheka kwa ndani, na naona hata usoni kulitoka kidogo. Halafu akafungua kikapu. Chupa zenye samaki zilikuwemo, zote ishirini.

"Na samaki?"

"Samaki hakuna aliyegusa," shangazi akasema. "Mmoja aliishika, akaigeuza, akacheka, akarudisha."

Tulikaa tukiwaza. Mama Santu alisema labda harufu. Lakini vifuniko vilikuwa vimekazwa. Shangazi akasema labda watu wa hapa si watu wa samaki. Lakini sokoni sato wanaisha kabla ya saa nne. Mimi niliwaza labda mapovu sikuyachora vizuri.

Jibu lilikuja siku ya tatu, likiwa limepanda baiskeli.

Alikuwa mzee mwenye kofia ya pama, anatoka Zagayu, na kwenye keria ya nyuma alikuwa amefunga tetea mzima kwa kamba. Aliegemeza baiskeli kwenye mnyaa, akavua kofia.

"Mwangaluka, mayu," akatuamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba," shangazi akajibu. "Habari za utokako?"

"Mhola. Mimi ni Mhoja, wa Zagayu. Nimeelekezwa hapa kwa wenye dawa."

Shangazi akanitazama. Nikamtazama Mama Santu.

"Dawa gani, baba?"

"Ile ya kuku." Akatoa mfukoni chupa tupu, akaonyesha jogoo wangu. "Kideri kilikuwa kimeingia. Nimezika kuku saba. Nikachukua chupa zenu nne, nikatia kwenye maji, nikawanywesha. Mayu, walipiga chafya siku nzima, wanakimbia huku na huku kama wamesikia redio. Lakini hajafa tena hata mmoja. Huyu tetea ni zawadi yenu."

Mama Santu akaipokea ile chupa tupu. Mzee Mhoja akaona labda hatujaridhika, akaongeza ushahidi.

"Na ya ng'ombe pia ni kali. Jirani yangu ana ndama aliyekuwa hali siku mbili. Akamfungua mdomo, akamnywesha chupa nzima. Ndama alikohoa, akapiga ndoo teke, akaenda moja kwa moja kwenye majani."

"Chupa nzima?" Mama Santu akauliza polepole.

"Nzima."

"Hiyo inatosha nyama ya watu ishirini."

Mzee hakumwelewa. Alikuwa na lake. "Sasa nimekuja kuuliza vitu viwili. Kifuniko kimoja ni kuku wangapi? Maana hamkuandika. Na pili, hii ya samaki, mayu, samahani sana, ni nani hapa anafuga samaki?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliikumbuka rafu ya Joakim upande wa kulia, ile ya dawa za mifugo. Chupa ya dawa ya kupe, ina picha ya ng'ombe. Kopo la minyoo, lina mbuzi. Pakiti ya kuku, ina kuku. Tangu dawa zilipoanza kuuzwa madukani na bwana mifugo hayupo kueleza, watu wa vijijini walijifundisha kusoma hivyo: mnyama aliye kwenye chupa ndiye atakayekunywa. Kila mfugaji wa Bariadi alijua. Mimi kwa shangazi hatukufuga hata njiwa, na Mama Santu alikuwa mgeni. Nilichora ng'ombe mzuri kiasi kwamba watu walimnunulia ng'ombe wao.

Mama Santu alianza kucheka. Mabega yaliruka, akakaa chini kwenye kizingiti, akafuta machozi kwa khanga. Shangazi akafuatia. Mzee Mhoja naye akacheka, kwa adabu, bila kujua cha kucheka. Lakini alipokwisha kuelezwa alishika kofia kwa mikono miwili akasema, "Yaani nilikuwa nawapa kuku wangu mchuzi wa kulia kuku?" na hapo akacheka kweli, mpaka tetea akapiga kelele kwenye baiskeli.

Alipoondoka, Mama Santu alikuwa ametulia. Alikuwa ameshika chupa ya samaki.

"Chupa arobaini," akasema, "na hakuna mtu hata mmoja aliyeonja."

Habari ilifika kwa Joakim kabla yetu. Tulimkuta ameegemea kaunta, anatabasamu vibaya.

"Karibuni madaktari wa mifugo," akasema. "Tangu asubuhi nimeulizwa mara tatu kama mmeleta na ya mbuzi."

"Usitucheke, Joakim," shangazi akasema. "Nawe mwaka juzi ulileta sabuni ya mbwa ukawauzia walimu."

"Walioga, hawakulalamika. Hapa ni tofauti. Siku mtu atakapokuja kununua dawa ya kweli, akachukua yenu kimakosa, ng'ombe akafa, atakuja kwangu na fimbo. Jumamosi nakwenda Mwanza. Nadhani yule mama mwenye kijiko anatosha."

Mama Santu akaniangalia. Nikaangalia sakafu. Nilitaka kusema nipewe nafasi nyingine, na maneno yalikuwa yamejipanga vizuri kabisa, lakini yalikwama pale yanapokwama siku zote.

"Mpe mpaka Jumatano," Mama Santu akasema badala yangu. "Jumatano tukishindwa, leta mama yako."

"Si mama yangu," Joakim akasema. "Haya. Jumatano."

Nilichora siku nzima ya Jumapili baada ya ibada. Nilichora sufuria, lakini sufuria tupu inaweza kuwa ya kuchemshia dawa. Nilichora moto. Nilichora kuku aliyenyonyolewa manyoya, na shangazi akapita nyuma yangu akasema, "Huyu ndiye aliyekufa kwa kideri?" Nikaichana.

Mchana ule ule tulikuwa na mgeni, mjomba Athanasi kutoka Shishiyu, aliyekuja kutusalimia. Shangazi akamchinja yule tetea wa Mzee Mhoja. Chakula kilipoiva nilipewa nipeleke. Kabla sijainua sahani, shangazi akanisimamisha.

"Ngoja. Umeiweka wapi?"

Akafukua kwenye mchuzi kwa kijiko, akaitoa firigisi, akaiweka juu kabisa ya vipande vyote, katikati, ionekane. Akaizungusha sahani mpaka firigisi ikawa upande wa mjomba.

Nilisimama na sahani mkononi. Firigisi ni moja kwa kila kuku. Kila mtu hapa kwetu anajua anayepewa, na anajua nani atanuna asipopewa. Kuna mashemeji ambao hawasemezani kwa sababu yake. Mtu anaweza asijue kusoma jina lake, lakini akiona firigisi juu ya sahani anajua kwamba hapo kuna chakula, kuna heshima, na kuna mtu amekaa anasubiri.

"Klementina, mjomba atakula jicho lako?" shangazi akaniuliza. "Peleka."

Nikapeleka, nikarudi mbio kwenye penseli. Nilichora sahani, vipande vya mapaja, mchuzi, na firigisi juu, ile iliyokunjwa kama sikio, imepasuliwa na kusafishwa. Upande mmoja nikaweka kilima cha ugali chenye moshi. Kwa sosi ya nyama sikupata kitu kizuri kama hicho. Nilifikiri sana, halafu nikachora mfupa mkubwa wenye uloto ndani ya bakuli, kwa kuwa wazee wanaupenda, wanaugonga kwenye jiwe na kufyonza. Jumatatu nikapaka rangi. Jumanne Mama Santu akazitazama, akaniuliza firigisi ni nini kwenye lebo, nikamweleza kwa sauti ndogo. Akashangaa. Kwao kipande cha heshima ni kingine kabisa.

Jumatano asubuhi tuliingia dukani kwa Joakim watu watatu. Joakim alikuwa amejiandaa. Kwenye kaunta, upande wa kushoto, aliweka chumvi, majani ya chai na mafuta ya kula. Upande wa kulia akaweka dawa ya kupe, kopo la minyoo na pakiti ya kuku. Katikati akapanga chupa zetu tatu: moja ya zamani yenye jogoo, ile ya Mzee Mhoja tuliyoijaza tena, na mbili mpya.

"Atakayeingia, asiyewafahamu, ndiye hakimu," akasema. "Na sharti ni moja. Mtu asiseme. Akisema mmoja wenu, hata kukohoa, mmeshindwa."

Kwangu sharti lilikuwa jepesi. Shangazi ndiye aliyeumia. Alijifunga mdomo kwa ncha ya khanga kabisa.

Aliingia mwanamume mmoja kununua misumari, lakini huyo alikuwa jirani, akaambiwa akae pembeni asiharibu. Halafu akaingia mama wa makamo, ana ndoo ya kutilia mafuta ya taa, miguu ina vumbi la safari.

"Mwangaluka, mayu," Joakim akamwamkia. "Watoka wapi?"

"Mwanhuzi. Naitwa Nyanjige, nimekuja kwa mwanangu aliyeolewa hapa. Nipe mafuta ya taa na chumvi."

"Nakupa. Lakini nisaidie kidogo. Nimepanga duka nikachanganyikiwa. Hizi chupa tatu, wewe ungeziweka wapi? Huku au huku?"

Mama Nyanjige akaangalia kaunta kama mtu anayechagua mbuzi. Akaishika chupa yenye jogoo. Hakufikiri hata kidogo, akaiweka kulia, pembeni ya pakiti ya kuku.

"Hii ni ya kideri," akasema.

Joakim akaniinulia nyusi.

Akaishika ya pili. Akaisogeza karibu na macho. Akaacha kusogea. Kisha akacheka.

"Wameweka firigisi," akasema. "Angalia ilivyokaa. Sasa hapa nani anaandaliwa?"

"Mwenye nyumba," akasema mtu wa misumari, aliyeshindwa kunyamaza.

"Mwenye nyumba gani? Hii sahani ni ya mgeni. Angalia, mapaja mawili. Mwenye nyumba hapewi mapaja mawili kwake mwenyewe."

"Kwangu napewa."

"Basi kwako kuna njaa ya watoto," Mama Nyanjige akamwambia. "Kwetu Mwanhuzi akija mkwe, baba anaangalia tu firigisi inavyopita."

"Na asipopewa mkwe?"

"Anarudi kwao na mke anambeba."

Duka zima likacheka. Shangazi alikuwa mwekundu wa macho kwa kujizuia. Na katika kucheka kule, bila hata kuangalia mkono wake unakwenda wapi, Mama Nyanjige akaiweka chupa upande wa kushoto, kati ya chumvi na mafuta ya kula. Niliona mkono ule. Nadhani nitauona siku zote.

Ilibaki moja. Akaishika, akaigeuza.

"Mfupa," akasema. Akafikiri. "Hii ya mbwa." Akaiweka kulia, pembeni ya dawa ya kupe.

Joakim alipumua kwa pua. Shangazi alifumba macho. Mama Santu aliweka kiganja juu ya kaunta, kimya, kama mtu anayeshikilia meza isiondoke. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Joakim atasema moja nzuri na moja mbaya si biashara, na Jumamosi mama mwenye kijiko atapanda gari kutoka Mwanza.

Sharti lilikuwa tusiseme. Hakuna aliyesema tusisogee.

Nikatoka nyuma ya gunia. Watu walikuwa saba humo ndani sasa, wote wananiangalia. Joakim alikuwa na kalamu sikioni. Nikaichukua. Alishangaa kiasi kwamba hakuizuia. Nikaishika chupa ya mfupa, nikailaza kwenye kaunta, na juu ya lebo, pembeni ya bakuli, nikachora vidole vitano. Mkono wa mtu mzima, wenye mishipa, umeshika tonge, kidole gumba kimelibonyeza katikati kutengeneza shimo la kuchotea mchuzi. Nilichora nikiwa nimeinama, lebo imeelekea upande wa Mama Nyanjige, kwa hiyo kwangu ilikuwa kichwa chini. Nywele zangu zilikuwa zinamgusa mkono. Hakuondoka.

"Kumbe kuna mtu," akasema polepole, mkono ulipokwisha. "Ana tonge. Anachovya." Akainama zaidi. "Na uloto umo humo ndani, si ndiyo? Anauacha wa mwisho."

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaichukua chupa kutoka kwenye dawa ya kupe, akaifuta kwa khanga yake, akaivusha kaunta nzima mpaka upande wa kushoto.

"Nipe na hii," akamwambia Joakim. "Na ile ya firigisi. Mkwe wangu anarudi jioni."

Shangazi akafungua ncha ya khanga mdomoni. Yaliyotoka hapo siwezi kuyaandika yote. Alimwita Joakim majina, akamkumbatia mtu wa misumari, akamwambia Mama Nyanjige kuwa kuanzia leo wao ni ndugu. Mama Santu alitoa kikapuni chupa ya samaki, akaifungua palepale, akaomba ugali kwa mama ntilie wa jirani, na watu wakaanza kuonja dukani, wanashika pua kwanza, halafu wanarudi kuomba tena. Mtu wa misumari alirudi mara nne. Misumari aliisahau.

Joakim alisubiri kelele zipungue. Alikuwa amezipanga zile chupa mbili mpya mbele yake, anazitazama kama anayekagua noti.

"Haya," akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Jumamosi hizi nazipeleka Mwanza zikapigwe chapa kama zilivyo, na huo mkono uwemo. Mchoraji ni huyu. Zile za jogoo na ng'ombe mziondoe, sitaki kuziona. Samaki aachwe alivyo, yule hana kosa."

"Hapana," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotegemea. Joakim akageuka kuangalia kama kuna mwingine nyuma yangu.

"Samaki nitamchora upya," nikasema. "Yule nilimchora anaogelea. Nataka awe mezani. Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa asubuhi."

"Jioni."

"Ijumaa jioni nafunga mizigo, binti."

"Jioni," nikasema tena. "Rangi inataka kukauka."

Akakuna shingo. Akatafuta kalamu sikioni, hakuikuta, akaiona mkononi mwangu. "Haya, jioni," akasema.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali na mtaa umejaa. Shangazi alibaki ndani anaeleza upya kila kitu kwa wasiokuwepo na kwa waliokuwepo. Nilitembea na Mama Santu, na nilikuwa na swali.

"Kwenu," nikamwuliza, "samaki anawekwaje mezani?"

Akasimama. Akafikiri, akatabasamu, akaweka mikono hewani kama ameshika sahani kubwa. Kichwa kinaelekea kwa mkubwa wa nyumba, akasema. Majani haya huku, ukwaju huku, wali katikati. Hapana, wali pembeni, mama yake aliweka pembeni. Alikuwa anapanga meza nzima barabarani, anasogeza bakuli zisizoonekana, na mimi nachora kwa kidole kwenye kiganja changu nisisahau. Baiskeli zilitupiga kengele, tukapisha, tukaendelea. Tulipokuja kushtuka tulikuwa tumeshaipita nyumba yake, tumefika kwenye mashamba ya pamba, na bado hajamaliza kuniambia watoto wanakaa upande gani.